Dau Linalowekwa Mpira Ungali Hewani



Yapo maneno ambayo wazee wa sharika, waalimu, na vijana wenyewe wametuletea, kila mtu kwa njia yake, nayo yote yaelekea swali moja. Wasema hivi: Kamari ya zamani twaijua. Karata, dadu na bahati nasibu zimekwisha kukatazwa, wala hatuna ubishi. Walakini kuna hii nyingine, ya mchezo wa tenisi, ambayo mtu huweka dau mchezo ukiendelea, akiutazama mwendo wa wachezaji na kuhesabu pointi baada ya pointi. Hii si bahati, ni maarifa. Ina kanuni zake, na mwenye kuzishika hupata chumo lake kama fundi apatavyo ujira. Je, na hii ni dhambi?

Twaona swali hili halifai kujibiwa kwa kelele. Mtu akija na hoja, ajibiwe kwa hoja. Na mhubiri akemeaye asichokijua huchekwa na vijana, nao hawakosi. Basi kwanza tuutazame mchezo wenyewe na biashara iliyojengwa juu yake, ndipo tufike kwenye Neno la Mungu.

Wengi wetu hatukukua na tenisi. Watu wawili husimama pande mbili za wavu, kila mmoja na raketi yake, wakirudishiana mpira mpaka mmoja akose. Hesabu yake ni ya ajabu kidogo: pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu, lakini wote wawili wakifika 40, hapana budi mmoja amtangulie mwenzake kwa pointi mbili. Gemu sita hufanya seti, ikiwa amemzidi mwenzake kwa mbili. Seti mbili zatosha kumaliza mechi, ila katika yale mashindano makubwa manne ya mwaka wanaume hutakiwa kushinda tatu. Angalieni jambo hili moja: gemu mpya huanza bila deni. Aliyeshindwa vibaya katika gemu iliyopita asimama sawa na mwenzake katika gemu hii, 0 kwa 0. Kwa hiyo matumaini hayafi upesi, na hofu nayo haifi. Mpira wa miguu waweza kwenda dakika 90 bila bao hata moja; mechi ya tenisi ina pointi mia na zaidi, na kila pointi yabadili bei. Wafanya biashara ya kamari wangetafuta mchezo wa kuwafaa kuliko huu wangetafuta sana.

Tena katika mashindano makubwa sheria yawapa wachezaji sekunde 25 tu kati ya pointi na pointi, wajifute jasho na kuvuta pumzi. Tafadhalini mzikumbuke sekunde hizo 25, maana tutazirudia.

Sasa habari ya bei. Kampuni huandika bei kwa tarakimu. Ikiandika 1.90, maana yake ukiweka shilingi 1,000 na mtu wako akashinda, wapewa 1,900, yaani fedha yako na 900 juu yake. Wachezaji wawili wakiwa sawa kabisa, bei ya haki ingekuwa 2.00 kwa kila mmoja. Lakini utakuta 1.90 huku na 1.90 huku, au karibu na hapo. Watu wawili wakiweka 1,000 kila mmoja, huyu upande huu na huyu upande ule, kampuni imepokea 2,000. Mshindi atalipwa 1,900. Shilingi 100 zimebaki mezani kwa kampuni, nayo haikukimbia wala haikutoa jasho, wala haikuwa na haja ya kujua nani atashinda. Ni ushuru wa mlangoni, tano kwa kila mia ipitayo.

Zamani mtu aliweka dau mara moja kabla ya mchezo, akaenda zake kungoja. Alipita mlango mara moja, akalipa ushuru mara moja. Lakini awekaye dau mchezo ukiendelea hupita mlango huo tena na tena: nani atachukua gemu hii, nani atachukua pointi hii, nani atachukua seti. Akiweka 1,000 mara thelathini katika mechi moja, ambayo si ajabu kwa wenye kuzama humo, amepitisha 30,000 mlangoni, na kwa wastani 1,500 zimebaki kwa mwenye mlango. Kijana aona ameshinda mara kumi na nne na kushindwa mara kumi na sita, asema, Nilikaribia. Hakukaribia. Alilipa ushuru.

Biashara hii ilipata nguvu nyingi huko Uingereza, ambako mwaka wa 2000 kampuni ya Betfair ilifungua soko ambalo watu waweza kununua na kuuza dau wao kwa wao, kama wauzavyo hisa, hata wakati mchezo unachezwa. Kisha zikaja simu za mkononi. Kwetu Afrika ya Mashariki njia ilikuwa imekwisha kutengenezwa, kwa maana tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka wa 2007 watu walizoea kutuma fedha kwa simu, na neno lililo jema kwa mama atumaye ada ya shule laweza kuwa mlango wa hasara kwa mwanawe. Usiku, mpira wa miguu wa Ulaya ukiwa umelala, tenisi yachezwa mahali fulani duniani, Asia au Australia au Marekani, na simu yamwita mtu kwenye mechi ya watu wawili asiowajua, katika mji asioujua, saa nane ya usiku.

Tuzitazame na hizo kanuni ambazo vijana wasema ni maarifa. Moja yasema: ngoja mchezaji mashuhuri apoteze seti ya kwanza, bei yake itapanda, mnunue hapo, maana walio hodari hurudi. Ni kweli, hodari hurudi mara nyingi. Lakini aliyeandika hiyo bei alijua hayo kabla yako, naye ameyatia katika bei. Hununui kwa bei rahisi; wanunua kwa bei ya mtu ambaye yamkini goti lamwuma, au hakulala, au hana moyo leo, na habari hiyo wewe huna. Nyingine yasema: mfuate yule aliyeshinda gemu ambayo mwenzake ndiye aliyekuwa akianzisha mpira, kwa kuwa wimbi limemgeukia. Nyingine yasema kinyume chake: mwache huyo, maana wimbi hurudi. Twauliza tu, ikiwa kanuni mbili zinazopingana zauzwa na walimu wale wale, mwanafunzi ashike ipi?

Iko na ile ya kuongeza maradufu. Ukishindwa 1,000, weka 2,000. Ukishindwa, weka 4,000. Siku moja utashinda na yote yatarudi. Hebu tuhesabu kama watoto wa shule. Mtu akishindwa mara nane mfululizo amekwisha kutoa 255,000, na mara ya tisa yampasa kuweka 256,000. Akishinda kwa bei ya haki ya 2.00, faida yake baada ya mashaka yote hayo ni shilingi 1,000. Na kwa bei ya 1.90 hana hata hiyo: ametoa 511,000 jumla, naye apokea 486,400. Ameshinda, na bado amepoteza 24,600! Hapana mchuuzi wa ndizi sokoni ambaye angekubali biashara ya namna hii kama ungemweleza mchana, akiwa ameshiba na ana nafasi ya kufikiri.

Ya mwisho ni ile ya kutoka kabla ya mwisho. Kampuni yakuambia, Mtu wako yuko mbele, chukua fedha hii sasa, uache mengine. Yaonekana ni huruma. Kumbe ni kampuni kulinunua tena dau lako kwa bei iliyo chini ya thamani yake. Ulilipa ushuru ukiingia, sasa walipa ukitoka.

Vijana hutujibu: Lakini mtu mwenye macho huona mchezo unavyokwenda. Basi na tuende Wimbledon, siku ya 14 Julai 2019, Roger Federer na Novak Djokovic. Walikuwa wamefika seti ya tano. Federer alikuwa mbele gemu 8 kwa 7, mpira wa kuanza u mkononi mwake, na hesabu ni 40 kwa 15. Pointi moja tu na kombe ni lake. Na akiikosa hiyo, anayo ya pili. Uwanja mzima ulikwisha kusimama moyoni. Akaikosa ya kwanza, akaikosa na ya pili, na baada ya saa 4 na dakika 57 Djokovic ndiye aliyeshinda, gemu 13 kwa 12 katika seti hiyo ya mwisho. Na tazameni jambo lenyewe: Federer alikuwa amepata pointi 218 siku ile, na Djokovic 204. Aliyepata nyingi ndiye aliyeshindwa. Vivyo hivyo mwaka wa 2010, papo hapo Wimbledon, katika ile mechi ya John Isner na Nicolas Mahut iliyochezwa siku tatu kwa saa 11 na dakika 5: Mahut alipata pointi 502 na Isner 478, na Isner ndiye aliyeshinda.

Federer mwenyewe, aliposema na wanafunzi wa chuo cha Dartmouth huko Marekani mwezi wa Juni 2024, aliwaeleza kwamba katika mechi zake 1,526 za mmoja kwa mmoja alishinda karibu 80 katika kila 100, lakini pointi alizoshinda zilikuwa 54 tu katika kila 100. Aliwafundisha kwa hilo kwamba pointi iliyopotea iachwe, mtu aende kwenye ifuatayo. Kwa mchezaji hilo ni shauri jema sana. Lakini kwa mweka dau lina neno zito ndani yake: bwana huyu, mmoja wa walio hodari kuliko wote waliopata kushika raketi, katika pointi moja alikuwa karibu sawa na sarafu iliyorushwa juu. Na wewe ndugu, kwa hiyo pointi moja, waweka ada ya mtoto.

Twaja kwenye jambo ambalo twadhani wengi hawalijui, nalo latuuma kuliko hesabu. Awekaye dau kwa simu adhani aona mchezo. Haoni mchezo, aona uliokwisha kupita. Mwamuzi aliye kitini uwanjani hugusa chombo chake, na habari ya pointi hukimbia kwenda kwa wanunuzi wa hesabu hizo mara moja. Picha ya televisheni huja nyuma yake sekunde kadha, na picha ya simu huchelewa zaidi. Tena ukituma dau lako kampuni hulishika kwanza kwa sekunde chache kabla ya kulikubali. Ikiona katika sekunde hizo kwamba pointi imekwenda upande wako, yaweza kulikataa au kubadili bei. Ni kama kucheza bao na mtu ambaye hutazama mchezo wako, kisha ndipo aamue kama amekubali kucheza.

Wako waliotaka kuzishinda sekunde hizo. Huketi uwanjani wakiwa na vyombo vya siri, wakipeleka habari ya pointi kwa wenzao kabla ya habari ya mwamuzi kufika. Mwezi wa Januari 2014 kijana mmoja Mwingereza alikamatwa Melbourne katika mashindano ya Australia kwa kazi hiyo, chombo chake amekificha katika nguo. Baadaye, mwezi wa Machi, mashtaka yakafutwa. Mwaka wa 2016 ilitangazwa kwamba waamuzi wengine wa mashindano madogo walituhumiwa kupokea rushwa ili wacheleweshe kuandika pointi, hata kwa dakika nzima, wenzao wapate nafasi ya kuweka dau juu ya jambo lililokwisha kutokea. Na mwaka wa 2023 mahakama ya Ubelgiji ilimhukumu kifungo cha miaka mitano mtu aliyeongoza genge la kuwahonga wachezaji wapoteze seti au gemu walizoagizwa. Upelelezi ulionyesha wachezaji zaidi ya 180. Basi kijana wetu aketiye kitandani saa nane ya usiku akisema, Nimeusoma mchezo, yamkini asoma barua iliyoandikwa na kutiwa muhuri jana.

Na mwenye maarifa ya kweli je? Wako wachache. Lakini yajulikana sana huko Uingereza na kwingine kwamba makampuni mengi yamwonapo mteja ashindaye mara kwa mara humpunguzia kiasi awezacho kuweka, hata akabaki na senti. Aliye mjinga hukaribishwa kwa zawadi, mwenye akili hufungiwa mlango. Kama duka lakuuzia kwa furaha kila siku, hilo peke yake lakuambia wewe u mteja wa namna gani.

Haya ni mambo ya hesabu, na mtu aweza kusema: Basi nikipoteza ni mali yangu, kanisa lina neno gani? Hapa twashika Katekisimo. Luther alipoieleza Amri ya Saba hakukomea kwa mwizi wa usiku. Aliingiza humo na hila za biashara, kisha akatuwekea kazi, kwamba tumsaidie jirani mali yake ikae na kuongezeka. Sasa twauliza: dau ulilolishinda limetoka wapi? Halikutoka ardhini kama mahindi. Limetoka mfukoni mwa mwingine aliyekesha kama wewe, pengine na yeye ana watoto. Ulifurahi kwa kuwa yeye alilia. Wengine hutuambia kwamba hata mkulima hubahatisha, maana hupanda asijue mvua. Lakini mvua ikinyesha yanyesha kwake na kwa jirani, na gunia lake halikujaa kwa kuwa la jirani limepungua. Tena akipanda na asipate, walau alilima. Shamba liko, na mikono yake imejua kazi.

Na yuko jirani mwingine ambaye mweka dau hamfikiri kabisa, naye ni mchezaji. Tume iliyochunguza uchafu wa mchezo huu ilitoa taarifa zake mwaka wa 2018, ikaonyesha kwamba wachezaji wahesabiwao kuwa wa kazi hiyo ni kama 15,000, na kwamba wapatao fedha za kutosha gharama zao, hata kabla ya kumlipa mwalimu, ni kati ya 250 na 350 tu. Wengine wote ni vijana wenye madeni, wasafirio kwa mabasi kwenda mashindano ambayo zawadi yake yote pamoja, ya kugawanywa kwa watu wengi, ni dola 15,000. Hesabu za mechi zao ziliuzwa kwa wenye kamari, na tume hiyo ilisema wazi kwamba kuuza huko kuliongeza maovu. Mtego ukawekwa penye njaa. Kisha mchezaji huyo akikosa mpira mmoja, watu walioweka dau juu yake humtukana. Vyama vya tenisi vilieleza kwamba mwaka wa 2024 wachezaji 458 walipelekewa maandiko ya matusi na vitisho yapatayo 8,000, na katika kila 100 ya hayo 40 yalitoka kwa wacheza kamari wenye hasira. Binti wa miaka ishirini amaliza mchezo, afungua simu yake, akuta mtu asiyemjua amwombea kifo yeye na mama yake, kwa sababu ya dau.

Twawakumbuka askari walioketi chini ya msalaba. Injili yasema walimlinda, na papo hapo waliipigia kura kanzu yake. Hapana watu waliokuwa karibu naye kuliko hao. Waliketi mahali ambapo mataifa yote yangetamani kuketi, na macho yao yalikuwa kwenye kura. Mweka dau naye humtazama mwenzake saa nne usiku kucha, kila hatua, kila jasho, wala hamwoni. Aona bei.

Hata hivyo si kila mtu atakayeguswa na habari ya jirani wa mbali. Basi na atazame nafsi yake mwenyewe, kwa zile sekunde 25. Mchezaji hupewa apumzike. Mweka dau zampasa, katika sekunde hizo hizo, kuisoma bei, kuamua, kutuma, na kungoja ikubaliwe. Hapana nafasi ya kuuliza, Fedha hii ni ya nani? Hapana nafasi ya kumwuliza mke. Hapana nafasi ya sala, wala ya kujuta kwa lililopita, maana pointi nyingine imekwisha kuanza. Katika kamari ya zamani mtu aliyeshindwa alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani dhamiri ilipata kusema naye. Hii imeiondoa njia ya kurudi nyumbani. Twaamini hapa ndipo ilipo sumu yake. Wala si sisi wa kanisa tu tuonao hivyo: Australia, nchi ipendayo tenisi na kamari pia, sheria yake ya mwaka wa 2001 haikubali dau la namna hii kwa mtandao mchezo ukiisha kuanza; mwenye kutaka hana budi apige simu aseme na mtu kwa kinywa, au aende mwenyewe mahali palipoandikishwa. Walioitunga hawakuwa wakihubiri. Waliona tu kwamba upesi wenyewe ni hatari.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: ndiyo, ni kamari, tena iliyonolewa makali. Mtu aweza kuijua tenisi na kuipenda, na kuitazama bila hatia. Ni mchezo mzuri. Aweza hata kuhesabu pointi kwa kalamu, akajifurahisha kwa kubashiri bila fedha. Lakini kuweka dau juu ya kila mpira hakugeuki kuwa kazi kwa sababu kunachosha.

Limebaki swali ambalo wazee wa usharika mmoja walituuliza, nalo si rahisi. Kijana wao alipata fedha nyingi usiku mmoja, akaleta sehemu kubwa kwa ajili ya mabati ya kanisa. Wengine walisema zipokewe, maana Shetani amezishika muda mrefu wa kutosha. Wengine walikumbuka wale makuhani waliokataa kuvitia vipande thelathini vya Yuda katika sanduku la hekalu. Ni kweli walikataa. Lakini watu hao walikuwa waangalifu wa sanduku kuliko wa mtu. Yuda alikuja kwao akiungama, nao wakamwambia hayo si shauri letu, akaenda zake peke yake. Hatutaki sharika zetu ziwe na sanduku safi na mlango wa namna hiyo. Shauri letu ni kwamba mabati yangoje. Wazee wawili wakae na kijana huyo, wamwulize polepole ni kiasi gani kilipotea kabla ya usiku ule wa bahati, maana karibu daima kiko. Ni nani amkopeshaye. Mke wake ajua nini. Kama iko ada iliyoliwa, au deni la jirani, fedha hiyo irudi huko kwanza. Zakayo hakuanza kwa kujenga sinagogi, alianza na watu aliowadhulumu.

Na ikiwa yuko katika usharika wenu mtu aliyenaswa, awe mwimbaji, mwalimu au mzee mwenyewe, msimtaje mbele ya watu kabla hamjamwendea nyumbani. Mtu aliyenaswa na hili huficha kuliko mlevi, kwa kuwa halinuki kinywani. Msimwambie tu aache. Mwombeni amkabidhi mkewe au ndugu amwaminiye namba ya siri ya fedha za simu, kwa miezi kadha, na afute programu hizo mbele yenu. Tena, ikiwa kampuni ina njia ya mteja kujifungia mwenyewe, aitumie siku hiyo hiyo. Deni lake liandikwe kwenye karatasi, yote, hata la aibu, na lilipwe kidogo kidogo. Msimlipie lote kwa mara moja, hata mkiwa na uwezo. Saa zile za usiku ndizo zitakazomsumbua, basi mmoja wenu awe tayari kupigiwa simu saa nane. Akianguka tena, mwendeeni tena. Na Jumapili mwekeeni nafasi yake katika kwaya.